"Sata!": nilivyoandaa upya somo la sauti za Kiingereza

Andalio langu la kwanza la somo la foniksi lilikula kurasa mbili na nusu. Malengo matano, nyimbo mbili, kadi za rangi, mchezo wa kusaka herufi, karatasi ya zoezi, na mwishoni kabisa sentensi za kusoma. Herufi sita ndani ya dakika 35: s, a, t, p, i, n. Mezani lilipendeza. Darasani halikufika hata robo saa.

Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa miaka sita. Kiingereza chao kilikuwa salamu, rangi chache na kuhesabu hadi kumi. Kiswahili, kwa upande mwingine, walishaanza kukisoma: ba be bi bo bu, kisha baba, bibi, babu. Nikajiambia, hawa herufi wanazijua, hapa ni kupita tu. Nikainua kadi ya s, nikasema "sa". Nikainua ya a. Nikainua ya t, nikasema "ta". Haya, tuunganishe. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akaelekeza kidole kwenye neno "sat" ubaoni, akasoma kama aliyeshinda mbio: "Sata!" Darasa zima likaitikia: sata! Nikasahihisha. Safari hii wakasema "sati". Nikasahihisha tena, na muda ukaniishia hapohapo, nyimbo zangu mbili zikiwa hazijaguswa.

Niseme foniksi ni nini, kwa asiyeijua. Mtoto anaanza na sauti ambayo herufi inaiwakilisha, anaziunganisha sauti hizo hadi neno litoke, badala ya kulikariri neno zima kama picha au kutaja majina ya herufi. Majina ya herufi yana tabu yake: mtoto aliyezoea wimbo wa alfabeti akikutana na "cat" atakusomea "si-ei-ti", na hapo hakuna paka.

Nililaumu watoto, kisha nikalaumu kitabu. Mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyefundisha madarasa ya chini miaka mingi, alikuwa amekaa nyuma siku ile. Tulipotoka akaniambia, "Mwanangu, hiyo sata umewafundisha wewe. Jisikilize mdomo wako." Usiku nikajirekodi kwa simu nikitaja zile sauti sita, na nilipozisikiliza niliona haya. Kila konsonanti ilikuwa na irabu mgongoni: sa, ta, pa, na. Sisi tuliojifunzia kusoma kwa silabi hatuna mazoea ya kuiacha konsonanti peke yake. Sasa ukimpa mtoto "sa", "a" na "ta", akakujibu "sata", hesabu yake iko sawa kabisa.

Basi kabla ya kugusa andalio upya nilijifundisha mwenyewe kutamka. Sauti za kuvuta ni rahisi: ssss, mmmm, nnnn, ffff. Unaivuta, unaikata, huna haja ya irabu. Kazi iko kwa t, p na k, kwa sababu hizo hupasuka na kuisha. Dawa niliyoipata ni kuzinong'ona. Weka vidole kooni, sema p kwa kunong'ona. Koo likitetemeka, ujue irabu imeingia. Nilifanya hivyo siku tatu, hata nikiwa nafua.

Hapo nikaanza kuandaa, na nilianza na swali ambalo mara ya kwanza sikujiuliza: katika herufi hizi, ni ipi iliyo mpya kweli kwa mtoto huyu? Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti kama 44, na irabu zake, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, hufika 20 hivi. Sisi tuna tano tu. Kwa hiyo m, n, s, t na p mtoto wangu anazo tayari. Hata th, inayowatesa wanafunzi wa lugha nyingi, yeye anayo mara mbili, katika "thelathini" na katika "dhahabu". Atakachojifunza baadaye ni kwamba Waingereza wameziandika zote mbili kwa herufi zilezile. Mgeni wa kweli alikuwa a. Ile ya "cat" si a yetu. Iko kati ya a na e, taya limeshuka, midomo imetanuka pembeni. A yetu ikitumika pale, neno linaelekea zaidi kwenye "cut". Mgeni wa pili ni i fupi, inayokaa kati ya i na e yetu. Ukisema "sit" kwa i ya Kiswahili, Mwingereza anasikia unamwonyesha kiti.

Niliiondoa i mara moja. Mgeni mmoja kwa somo moja.

Halafu nikaitazama ile orodha ya s, a, t, p, i, n. Ni orodha maarufu, na sababu yake naielewa: herufi sita hizo zinazaa maneno mengi. Lakini imekaa vizuri kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Huyo akishaunganisha "sat", neno linagonga kitu alichokisikia mara elfu, anatabasamu. Wangu akiunganisha "sat" hapati chochote, na mimi nitamchoreaje "alikaa"? Kusoma bila kupata maana ni kupiga kelele kwa mpangilio. Nikataka maneno yanayochoreka. Nikakaa na karatasi, nikachezea herufi hadi nikapata m, a, n, p, t. Tazama yanayotoka: "man", "map", "mat", "pan", "tap", "nap". Mtu, ramani, mkeka, kikaango, bomba, usingizi mfupi. Yote yanachorwa kwa mistari michache hata na asiyejua kuchora kama mimi.

Zaidi ya hapo, matatu ya mwanzo yanaanza na m, sauti ya kuvuta, kwa hiyo mtoto anaweza kuiburuza mmmm mpaka ikutane na a bila pengo. Kinachobadilika ni mwisho tu. Na mwisho ndio uliokuwa kidonda chetu.

Kuhusu mwisho huo, niliwaza sana. Mtoto anayesema "sati" hafanyi ujinga. Anafanya kile Kiswahili chenyewe kilichofanya kilipopokea basi, koti na benki. Maneno yetu hupenda kuishia na irabu. Kumwambia "usiweke i" mara kumi hakusaidii, kwa maana hajui kama ameiweka. Nikatafuta mahali ambapo mdomo wake tayari hufunga silabi kwa konsonanti, na nikapakuta katika maneno anayoyasema kila siku: daftari, maktaba, labda. Daf-ta-ri. Mak-ta-ba. Lab-da. Nikabuni mchezo wa kugandisha: nasema neno polepole, nikipiga kofi wote wanaganda hapohapo. "Daf—" kofi. "Lab—" kofi. Midomo imebaki imefumbwa kwenye b na macho yametoka. Haya, ndivyo Kiingereza kinavyomaliza maneno yake mengi: kinaganda.

Kama kuna kitu kimoja ninachokionea fahari katika somo lile, ni mchezo huo wa dakika nne.

Andalio jipya lilitosha upande mmoja wa karatasi. Siku mbili kabla ya foniksi yenyewe tulicheza na picha sita bila herufi yoyote: gusa "map", lala "nap", fungua "tap". Maneno yalitangulia sikioni. Siku ya somo tukaanza na kugandisha, kisha nikawa natamka vipande, m… a… p, nao wananyooshea picha. Bado hakuna kusoma hapo. Ni masikio tu yanayofanya kazi ya kuunganisha. Baada ya hapo ndipo kadi ya a ikatoka, peke yake. Tukaweka viganja chini ya kidevu kuhisi taya likishuka, tukatazamana, tukacheka sana. Hizo nne nyingine nilizisalimia tu kama jamaa wa zamani.

Kuunganisha ubaoni kulichukua sehemu kubwa ya muda, na nilikuwa nimeandika mapema mfuatano wenyewe, neno kwa neno, nisije nikabuni maneno papo hapo nikaangukia "ape" au "paint", ambamo a inageuka kitu kingine kabisa. Ilinitokea zamani na sitaki irudi. Man, map, mat. Kidole kinateleza chini ya neno bila kusimama. Kisha "nap", na "tap" na "pan" nikayaacha ya mwisho kwa sababu yanaanza kwa mpasuko na hayavutiki.

Walioketi wawili wawili niliwapa vifuniko vya chupa vyenye herufi hizo tano. Nasema neno, wanalijenga. Kuandika kwa penseli nilikuacha kwa siku nyingine. Mkono wa mtoto wa miaka sita ni wa polepole, na neno husahaulika kabla m haijaisha.

Maneno ya kubuni niliyatupa. Uingereza, tangu 2012, watoto wa miaka mitano na sita hupimwa kwa kusoma maneno 40, na 20 kati yake hayana maana yoyote, ili ijulikane kama mtoto anaunganisha au amekariri. Kwa mtihani naona mantiki yake. Kwa anayeanza lugha, karibu kila neno halina maana tayari. Nikimwongezea yasiyo na maana kwa makusudi, atajuaje lipi abebe nyumbani?

Somo lilikwendaje? Yule wa "sata" alisoma "map" vizuri na kuganda na p mdomoni kwa sekunde tano, mashavu yamevimba, akisubiri nimpigie kofi la kumfungua. Wengi walifuata. Watoto sita au saba bado waliweka irabu mwishoni, hasa baada ya t, hao niliwaweka karibu nami kwenye vifuniko, na badala ya kuwasahihisha kwa maneno niliwauliza, "Vifuniko vingapi?" Vitatu. "Sasa sema, nihesabu sauti." Anasema "mati", ananyoosha vidole vinne, anatazama vifuniko, anacheka mwenyewe.

Kilichonishinda ni kutofautisha a ya "cat" na u ya "cut". Nililijaribu wiki iliyofuata mapema mno, na nusu ya darasa walisikia neno moja. Nimeliahirisha mpaka i fupi itulie, ndipo niweke "cap" na "cup" bega kwa bega, kwa picha.

Sasa tumefika c na k. Kwetu c haikai bila h, kwa hiyo imewashangaza. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini mbili zifanye kazi moja?" Nikamwandikia "cat", "cot", "cup" upande mmoja, na "kit" na "Ken" upande wa pili, nikamwambia atazame herufi inayofuata. Alitazama muda mrefu. "K inapenda i na e," akasema, na ndivyo nilivyoiandika kwenye andalio la kesho.