Nilivyoziunganisha Mac, Debian na FreeBSD kwa NFS

Duka moja la uchapishaji ninalolihudumia River Road, Nairobi, lina seva ya Debian (aina ya Linux) inayohifadhi kazi za wateja, MacBook ya dada anayesanifu kadi na mabango, na kompyuta kuukuu ya FreeBSD ya kuwekea nakala za akiba. Mifumo inayoziendesha yote ni ya ukoo wa Unix, lakini faili zilikuwa zikibebwa kwa flashi kutoka meza hadi meza. Nilichagua NFS, njia ya kushiriki folda kupitia mtandao, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984 kwa kazi kama hii.

FreeBSD ilishika mara moja. Mac ikagoma. “Fundi, inasema hairuhusiwi,” dada akaniita. Ujumbe huo hausemi nani amekataa wala kwa sababu gani. Kutoka kwenye Mac, amri ya showmount -e iliiona folda vizuri, kwa hiyo kebo na swichi ya mtandao hazikuwa na hatia. Nikahamia kwenye logi ya seva, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ambako mafundi wengi hawapigi hodi kabisa. Jibu lilikuwa limeandikwa waziwazi: ombi limekataliwa, “illegal port”, na namba ya lango (port, mlango ambamo ombi la mtandao hutokea) iliyozidi 1024.

Seva ya NFS ya Linux, usipoiambia vingine, hukubali maombi yanayotoka kwenye malango yaliyo chini ya 1024 tu, ambayo kijadi hutumiwa na root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. macOS yenyewe hutokea lango la juu. Unaweza kuongeza neno insecure upande wa seva, au resvport upande wa Mac. Nilichukua la pili:

sudo mount -t nfs -o resvport 192.168.1.10:/srv/kazi /Users/Shared/kazi

Tusidanganyane, ulinzi huo ni wa zama zile. Mtu yeyote mwenye root kwenye laptopu yake anaupita. Lakini sioni haja ya kulegeza seva nzima kwa ajili ya mashine moja.

Folda ikafunguka, ila dada hakuweza kuhifadhi chochote. Hapa ndipo wengi huanza kupiga chmod 777, amri ya kumfungulia kila mtu ruhusa zote, kila mahali. NFS toleo la 3, kwa uthibitisho wake wa kawaida, haijali jina la mtumiaji, inatuma namba yake ya utambulisho. Mtumiaji wa kwanza kwenye macOS hupewa 501, kwenye Debian 1000, kwenye FreeBSD 1001. Andika id -u kwenye kila mashine utajionea. Seva ilimwona 501, mgeni asiye na chake pale, hata kama jina lilikuwa lile lile pande zote. Kubadilisha namba kwenye Mac kungenilazimu kubadilisha pia umiliki wa faili zake zote, kwa hiyo nikaiachia seva kazi hiyo kwenye /etc/exports, faili inayoorodhesha folda zinazoshirikiwa:

/srv/kazi 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check,all_squash,anonuid=1000,anongid=1000)

Halafu amri ya exportfs -ra ili mabadiliko yashike. Kila anayeandika sasa anahesabiwa kuwa 1000. Kwa duka ambamo kazi ni ya wote, sawa. Kwa ofisi ya uhasibu nisingethubutu, maana huwezi tena kujua nani aliandika nini. Na usiache nafasi kabla ya mabano. Ukiiacha, chaguo hizo zinakuwa za dunia nzima, na mtandao wako unabaki kusoma tu.

Mstari huo usiupeleke FreeBSD. Kule faili ina jina lile lile lakini inaandikwa kivyake. Debian ilipohitaji kusoma nakala za akiba niliweka /akiba -ro -network 192.168.1.0/24, kisha service mountd reload.

Kilichobaki ni stima. Ikipotea, seva inazima, MacBook inaendelea kwa betri, na Finder, programu ya Mac ya kufungulia faili, inaganda ikiisubiri seva. NFS imeundwa isubiri hivyo. Chaguo la soft huikatisha subira, lakini programu ikikatizwa katikati ya kuandika, faili ya mteja inaweza kuharibika. Nililiweka kwenye folda ya akiba tu, inayosomwa bila kuandikwa. Seva ikapata UPS, betri ya kuishikilia stima ikipotea, na nikasisitiza swichi ichomekwe humo humo, kwa sababu swichi ikizima Mac haiwezi kuifikia seva hata kama inawaka.