Nilivyompata kereng'ende mwenye buti nyeupe

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakipewa ushauri ule ule ulionipotezea muda mimi. "Nenda alfajiri, wadudu wakiwa bado wamepigwa na baridi, utawapiga picha utakavyo." Niliutii. Jumamosi nne mfululizo nilidamka usiku, nikalipa bodaboda elfu kadhaa kwenda na kurudi, nikashuka kwenye kijito kimoja chini ya Milima ya Uluguru, si mbali na mji wa Morogoro. Kila mara nilirudi na suruali iliyolowa mpaka magotini na simu iliyojaa picha za majani.

Niliyekuwa namtafuta ni Platycypha caligata. Sisi tunawaita wote kereng'ende basi, lakini huyu ni wa lile kundi la wembamba, wenye macho yaliyoachana na mwendo wa taratibu. Mwili wake ni kama sentimita 3 hivi. Dume aliyepevuka ana tumbo la buluu kali mgongoni, na tumbo lenyewe ni fupi kuliko mabawa, kwa hiyo akitua anaonekana kama amekatwa mkia. Uso umechomoza mbele kama pua. Jike ni kahawia mwenye madoadoa, na akitulia juu ya gogo unaweza kumtazama usimwone. Lakini kilichonivuta ni miguu ya dume: miundi yake imepanuka na kuwa bapa kama makasia madogo, upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu. Hilo jina caligata ni la Kilatini, maana yake aliyevaa buti. Alipewa mwaka 1853, na aliyempa alimtazama vizuri.

Anaenea sana. Yupo kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia, na magharibi hadi Angola. Kwa hiyo si mdudu adimu, na hilo ndilo lililoniuma: kiumbe aliyetapakaa nusu ya bara mimi nakosa hata picha moja.

Basi alfajiri sahau. Huyu ni wa jua. Kabla mwanga haujapenya kwenye miti na kuyafikia maji, kijito kizima utadhani hana habari nacho. Nilipoanza kwenda saa nne asubuhi, siku ya kwanza tu nikaona buluu ikimetameta juu ya jiwe. Moyo ulinienda mbio.

Hapo ndipo nikafuata ushauri wa pili, wa mtu mwingine aliyeniambia eti wadudu wa majini hawapatikani bila wavu. Nilikata chandarua kikuukuu, nikakishonea kwenye waya, nikafunga kwenye fimbo ya mwanzi. Nikaingia majini. Kereng'ende akanisubiri mpaka nikabakiza hatua mbili, akaruka chini chini, karibu aguse maji, akatua mbele yangu mita tatu hivi. Nikasogea. Akaruka tena, mita tatu zingine. Tukaenda hivyo kupita kona ya kwanza, tukapita ya pili, mimi nateleza kwenye mawe yenye ukoga wa kijani, yeye kila akitua ananigeukia. Mwisho akapanda juu kwenye matawi, akapotea. Nilirudi nilikotoka nikidhani nitapata mwingine. Hakuna hata mmoja. Maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sikujua kwamba bondeni kulikuwa na bibi anafua.

"Mwanangu, unatafuta nini huko? Umetuchafulia maji."

"Shikamoo bibi. Nisamehe sana. Natafuta kereng'ende wale wa buluu."

"Marahaba. Sasa unawafukuza wa nini? Wale wanakaa pale kwenye gogo. Kila siku wapo pale pale. Kaa utulie."

Alinionyesha kwa kidole chenye povu la sabuni. Gogo lenyewe lilikuwa limelala nusu ndani ya maji, nusu nje, jeusi, limeoza. Nilikuwa nimelikanyaga mara ngapi sijui.

Nikakaa. Dakika ishirini maji yakatakata, na dume akarudi, akatua pale pale. Nikaelewa kitu ambacho hakuna mshauri aliyekigusa: dume halindi kijito, analinda gogo. Jike hutaga mayai ndani ya mti uliooza na kulowa maji, akiutoboa kwa mrija wake wa kutagia. Mti mgumu haumfai. Kwa hiyo mwenye gogo zuri ndiye mwenye nafasi ya kupata jike, na madume wengine wanalijua hilo. Akija mgeni, wawili hao wanainuka hewani uso kwa uso, wanasukumana bila kugusana, wanapanda na kushuka, mpaka mmoja achoke aende zake.

Shida yangu ikawa moja: gogo lile lilikuwa upande mbaya, jua linaingia moja kwa moja kwenye kamera. Ndipo likanijia wazo ambalo mpaka leo najivunia. Kwa nini nisimpelekee gogo mahali ninapopataka mimi?

Nikaenda juu kidogo kutafuta kipande. Cha kwanza nilichoinua, nilipokigeuza nikaona tunutu, yaani mtoto wa kereng'ende anayeishi majini, ameshikilia kwenye ufa, mdogo, rangi ya matope, miguu myembamba kama ya buibui. Wengi wa kereng'ende wembamba wana matamvua matatu mkiani, lakini wa familia hii wana mawili tu, marefu yaliyochongoka kama miiba. Nikamhesabia mara mbili: mawili. Nikakirudisha kipande taratibu, upande ule ule, nikakiacha. Kuhamisha nyumba ya mtu kwa ajili ya picha si haki. Cha tatu ndicho nilichochukua, hakina kitu, kimelowa, laini kiasi kwamba ukibonyeza kwa kucha inazama. Nikakiweka mahali ambapo jua linaangukia katikati ya maji yanayotembea, nikakifunga kwa kamba ya katani kwenye mzizi kisisombwe. Mimi nikakaa ng'ambo, jua mgongoni, ila nimejibana ili kivuli changu kisifike kwenye maji. Kivuli ukikipitisha juu yake, ameondoka.

Siku hiyo hakuja mtu. Jumamosi iliyofuata, kabla hata sijamaliza kukaa, dume alikuwa amekwisha kukimiliki.

Jike alikuja karibu saa sita mchana. Dume akaruka akasimama hewani mbele yake, akaning'iniza miguu yote, akaanza kuitetemesha, ile miundi bapa imeelekezwa kwa jike upande mweupe. Akawa anayumba kushoto na kulia mbele ya uso wake. Kwa macho nilichoona ni ukungu mweupe tu na buluu nyuma yake. Niliporudia kwenye simu kwa mwendo wa polepole ndipo nikauona kila mguu peke yake. Jike akakubali, wakaungana, na baadaye akashuka kwenye kipande changu, akakunja tumbo na kuanza kutoboa. Dume akatua hapo juu, karibu kabisa, hakumshika tena, anatazama huku na huku kama mlinzi. Mikono ilinitetemeka kiasi kwamba nusu ya picha zimecheza. Sijazifuta.

Ukipanda juu zaidi, msituni, anza kuangalia miguu kwa makini, maana Milima ya Tao la Mashariki huku Tanzania ina ndugu yake, Platycypha auripes, ambaye hapatikani kwingine duniani. Jina lake maana yake ni miguu ya dhahabu. Huyo bado namtafuta.

Na kuna jambo linaniudhi kuliko hata ushauri wa alfajiri. Watu wa nia njema wanakuja kusafisha kijito: wanaokota chupa na mifuko, ahsante yao, kisha wanang'oa na magogo yote wanayachoma kuni, wanafyeka na miti ya ukingoni maji yaonekane. Plastiki toeni. Gogo lililooza si uchafu. Nimesema hivyo mara mbili mbele ya watu, mara ya pili yule bibi aliniunga mkono.

Masika yalipoisha nilirudi nikakuta kamba imekatika, kipande hakipo. Nikateremka na maji, nikakiona kimenasa kwenye mizizi ya mkuyu, pale pale anapofulia bibi. Juu yake kulikuwa na dume, na majike wawili wanataga bega kwa bega, na ndoo ya nguo imewekwa mbali nao kidogo.