Siku 21 za Kupinga Notisi ya Deni

Hapa Unguja tumezoea kwamba barua ya deni hujibiwa kwa barua, kisha wahusika wakakaa kitako na kuafikiana namna ya kulipana. Kwa kampuni iliyosajiliwa Australia mazoea hayo ni hatari kubwa, na jamaa zetu wanaofanya biashara huko inafaa walijue hilo mapema.

Mwana wa ami yangu anauza viungo Melbourne, nami ndiye ninayemwekea hesabu. Mwenye ghala alimpelekea notisi rasmi akidai gharama zote za kuhifadhi mzigo, ilhali magunia ya pilipili manga yalitoka humo yamelowa na kuota ukungu. Sheria ya Kampuni ya huko ya mwaka 2001 inampa mdaiwa siku 21 tangu kukabidhiwa notisi, na ndani ya siku hizo ombi la kuitengua pamoja na hati ya kiapo lazima viwe vimefunguliwa mahkamani na nakala zake zimemfikia mdai. Mwaka 1995, katika shauri la David Grant dhidi ya Westpac, mahkama ya juu kabisa ya Australia iliamua kuwa jaji hana uwezo wa kuongeza muda huo. Ukipita bila ombi wala malipo, kampuni huhesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake, na mdai anaweza kuomba ifilisiwe.

Katika hatua hii jaji haamui nani mwenye haki. Anatazama iwapo pana mgogoro wa kweli juu ya deni, au iwapo kampuni nayo ina madai yake dhidi ya mdai. Kiasi kinachobishaniwa, au ambacho kampuni inamdai mdai, huondolewa kwenye deni, na kinachobaki kikiwa chini ya dola 4,000 za huko, notisi hutenguliwa. Naona ni haki tupu, kwani tishio la kufilisi halikuwekwa ili kumbana mtu alipe deni analolikataa kwa hoja.

Ila hoja yenyewe lazima ionekane ndani ya kiapo. Tuliambatanisha picha za magunia, stakabadhi za mzigo, na ujumbe wa WhatsApp ambamo msimamizi wa ghala anakiri kuwa paa lilivuja. Ujumbe huo uliandikwa kabla ya ankara ya kwanza, na wakili aliupa uzito kuliko vyote, kwa kuwa ulionesha kwamba mgogoro haukubuniwa baada ya notisi. Notisi ilitenguliwa.

Jambo jingine ni anwani ya kampuni iliyosajiliwa: pawepo mtu wa kufungua barua kila siku, maana siku huanza kuhesabiwa notisi inapokabidhiwa hapo, hata kama mkurugenzi mwenyewe yuko Pemba kwa Sikukuu.