Povu la friji na maganda ya machungwa: wiki ya sita
Jumamosi, Uyole, Mbeya. Leo mzani umesoma gramu 19, na nina furaha isiyo kifani.

Kwa anayeanza kufuatilia: marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 haikuyagusa haya mapovu meupe yanayofungiwa friji na televisheni. Mwanjelwa nimeyaona yakichomwa pamoja na maboksi, na ule moshi mweusi ndio ulionitia kwenye kazi hii. Povu hilo ni polistaireni, aina ya plastiki, na karibu lote ni hewa. Kiroba kizima hakikufika kilo moja, sasa nani atalipa nauli ya kubeba hewa? Ndiyo maana natafuta namna ya kuliyeyusha, hewa itoke, ibaki plastiki tupu iliyo safi.

Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nilishaiacha. Povu hunywea papo hapo lakini halimiminiki, linabaki donge zito lenye uchafu wake ndani. Tena mvuke wake hutambaa chini na kudaka moto wa mbali, na nyumbani kwetu kuna jiko la mkaa.

Nikahamia kwenye maganda. Wauza machungwa humenya ile ngozi ya juu tu, na vifuko vya mafuta vimo humo humo. Mama mmoja wa Kabwe hunitunzia ndoo nzima. "Mwanangu, unafuga nguruwe?" aliniuliza siku ya kwanza. Kilo tano nilizichemsha na maji, mvuke ukapita kwenye bomba la shaba lililozamishwa katika ndoo ya maji baridi, nikapata mililita 50 za mafuta. Sehemu kubwa ni limonini, kiyeyusho kilekile ambacho Sony ya Japani ilikitumia kwa mapovu haya miaka ya 1990.

Gramu 18 za povu, kiasi cha kujaza jagi la lita moja, ziliisha zote ndani ya mililita 40. Nikachuja kwa kitambaa, vumbi na vipande vya selotepu vikabaki juu.

Ukabaki uji mzito, na kuyatoa mafuta humo ndiko kulikonitesa. Limonini huchemka kwenye nyuzi 176, na kwa baridi hii ya Julai haina haraka ya kuondoka. Uji niliouanika kwenye sahani ulikuwa bado gramu 23 baada ya wiki mbili, unakunjika kama ngozi. Gramu tano za mafuta zimejificha humo!

Jumatatu nikachukua uji mwingine wa kipimo kilekile, nikamimina spiriti ya kupigia vanishi kidogo kidogo huku nakoroga. Mafuta huchanganyika na spiriti, polistaireni huikataa, basi ikajitenga nyuzi nyeupe zikashikana. Nikazikamua, nikazisuuza mara mbili, nikazitandaza nyembamba barazani, mbali na moto. Ndizo hizi gramu 19. Ukikikunja kipande kinavunjika, kak! Dalili kwamba mafuta karibu yote yametoka.

Imebaki spiriti yenye mafuta. Kikombe kimoja nilikiongezea maji, kikageuka kama maziwa, na asubuhi mafuta yalikuwa yameelea juu. Ila spiriti ile imeharibika, na bei yake naijua. Wiki ijayo napima kiasi kidogo kabisa kinachotosha.