Nilivyoachana na Modo: Baridi ya Njombe na Suruali za Kodrai

Kwetu Tanga mtu akisema leo kuna baridi, ana maana usiku alijifunika shuka. Ndiyo baridi niliyokuwa naijua nilipopangiwa kazi Njombe. Begi langu lilikuwa na suruali saba: kadeti nne nyepesi, modo mbili za jinzi, zile za kubana mguu, na moja ya suti niliyoshonewa kwenye harusi ya kaka yangu. Nilishuka mwishoni mwa Mei, saa mbili usiku, nimevaa mojawapo ya zile kadeti. Kutoka kwenye basi hadi kwenye bajaji ni hatua kama ishirini. Dereva akaniangalia miguu, akauliza, "Kaka, unatokea Dar?" Nikamwambia Tanga. Akasema, "Ni kule kule."

Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ndiyo miezi yenyewe. Kazi yangu ni kukagua parachichi shambani kabla hazijachumwa, kisha kurudi ofisini kukaa na watu wa hesabu. Kwa hiyo nilihitaji suruali ya kuingilia shambani na ya kukalia kiti cha ofisi siku hiyo hiyo, na jioni bado nionekane kijana wa watu.

Ushauri ulimiminika. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kulala Mbeya usiku mmoja na tangu hapo ni mtaalamu wa nyanda za juu, alinipigia simu: "Vaa jinzi nzito tu, baridi haipiti." Inapita. Tena jinzi ina tabia yake nyingine. Shambani umande unakaa kwenye majani mpaka saa nne, na jinzi ikishalowa kuanzia magotini kushuka, imelowa kutwa. Unarudi ofisini umebeba ubaridi wako mwenyewe miguuni.

Mwenzangu wa ofisini naye akaniambia nivae traksuti ndani ya modo. Nilimsikiliza, na hilo ni kosa langu. Kuivaa tu ilinichukua dakika kumi na kulala chali kitandani. Nilitembea kama mtu mwenye mabati miguuni. Pale shambani nikachuchumaa kuangalia mche uliounganishwa, nikasikia mshono wa nyuma ukiachia, taratibu kabisa, kama mtu anayefungua barua. Nilimaliza ukaguzi nimefunga sweta kiunoni, yaani sehemu iliyopasuka ikapata joto na mwili wote wa juu ukapigwa na baridi.

Mwenye shamba lile ni mzee wa miaka sabini na kitu. Alikuwa amevaa suruali pana ya kahawia, yenye mistari iliyovimba, imechomekwa kwenye gambuti. Sweta, kofia ya kufuma, basi. Hatetemeki. Alinitazama nikihangaika, akacheka bila sauti, mabega tu.

"Mwanangu, hiyo suruali yako ni ya kuogelea?"

"Hapana mzee, ni jinzi."

"Inakubana. Suruali ikikubana, baridi inakugusa moja kwa moja. Hebu shika hii."

Nikashika paja la suruali ya mzee wa watu, katikati ya shamba. Kitambaa kilikuwa kama mgongo wa paka. Kodrai. Nilikuwa nimeiona kwenye picha za baba za miaka ya sabini na nikaiweka kwenye kundi moja na viatu vya soli ndefu. Kumbe ile mistari ina kazi. Yale manyoya mafupi yanashikilia hewa, na hewa iliyotulia karibu na ngozi ndiyo inayokupa joto. Unene wa kitambaa peke yake haukusaidii kitu kama kimekung'ang'ania mwilini. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, lakini ilibidi nishikishwe paja la mtu ndiyo nielewe.

Jumamosi yake nikaenda mitumbani. Muuzaji aliniambia nguo nzito zikifunguliwa kwenye belo kule Dar hazina mnunuzi, kwa hiyo zinapandishwa huku juu kwetu. Ndiyo maana Njombe unakuta suruali za Waingereza za shambani ambazo mtu wa Kariakoo hajawahi kuzishika: kodrai za kila aina, suruali za sufu, za twidi, na zile za pamba nzito iliyosuguliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya pichi. Hizi za mwisho sokoni hazina jina, zinaitwa tu "zile laini", na upepo zinauzuia vizuri kuliko kodrai.

Kila mtu wa mitumba anaijua mbinu ya shingo: funga kifungo, zungushia kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kubana, inakutosha. Mimi naiamini, kwa nguo za joto. Kwa suruali ya baridi mbinu hiyo inakudanganya, kwa sababu haihesabu kile utakachovaa ndani wala shati zito utakalochomekea. Siku hizi nataka vidole viwili viingie kati ya kitambaa na shingo. Na nina shingo nyembamba, wenye shingo za mabaunsa mtafute utaratibu wenu.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu, nilikigundua mwenyewe na ninajivunia, ni kuhesabu mistari kwa dole gumba. Kodrai hupimwa kwa idadi ya mistari ndani ya inchi moja, na pingili ya juu ya dole gumba langu ni inchi moja karibu kamili. Unalaza dole, unahesabu. Mistari minane au pungufu, hiyo ni nene, ya shambani, ya kukaa nje usiku. Kumi na moja hivi ni ya kila kitu. Kumi na nne au kumi na sita ni nyembamba, ya ofisini, ukiwa mbali mtu anaweza kudhani ni kadeti tu. Wauzaji wananiona nimelaza dole kwenye suruali nanong'ona namba, wanadhani napiga ramli.

Halafu angalia magoti na makalio. Kodrai iliyochoka huwa na upara: manyoya yameisha, kimebaki kitambaa kitupu kinachong'aa. Hiyo iache hata wakikupa kwa buku mbili. Za sufu inua kwenye mwanga utafute matundu ya nondo. Na ukikuta yenye mabakabaka ya kijeshi, hata iwe nzuri vipi, pita kimya. Raia kuvaa nguo inayofanana na sare za jeshi ni kosa, na joto la mahabusu silo tulilokuwa tunalitafuta.

Siku hiyo nilitoka na tatu: kodrai nene ya kahawia, kodrai ya mistari myembamba rangi ya haradali, na moja ya sufu ya kijivu. Zote pamoja hazikufika elfu arobaini. Nilipunguziwa kidogo kwa sababu ile ya kahawia ilikuwa imekunjwa chini kwa mtindo wa zamani na kiuno chake kilikuwa kidogo kwangu. Nikasema hilo dogo, fundi yupo.

Fundi wangu ni mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu, mkono wake mzuri sana kwenye sare za shule. Nikamwomba apanue kiuno. Akasema mshono wa nyuma hauna akiba, lakini kule chini pale palipokunjwa kuna kitambaa cha kutosha. Atafungua mikunjo, akate kipande, akishone nyuma kama pembetatu, na hakuna atakayejua maana ni kitambaa kilekile. Mpango wa kijanja. Nikamsifu. Nikalipa elfu tatu kabla ya kazi, kwa furaha.

Jumatatu nikaivaa. Nilipoingia ofisini, dada wa mapokezi akaniita pembeni kwa huruma: "Pole, umekalia maji." Nikajipapasa, pakavu. Nikasema hapana dada, iko sawa. Mchana dereva naye: "Bosi, kiti cha gari kilikuwa kimelowa?" Jioni mlinzi hakuuliza, alinipa gazeti la kukalia. Nikafika nyumbani, nikaivua, nikaitandaza kitandani. Pale nyuma palikuwa na pembetatu nyeusi, imechongoka, kama mtu kanipaka lami. Nikaigeuza kichwa chini miguu juu. Pembetatu ikawa nyeupe, suruali yote ikawa nyeusi! Nikaigeuza tena. Nilifanya hivyo mara nne au tano, peke yangu chumbani, kama mtoto aliyepewa toi.

Kodrai ina manyoya, na manyoya yana upande yanakolalia, kama ya paka. Ukipapasa kwenda chini yanalala, ukipapasa kwenda juu yanasimama, na mwanga unayapiga tofauti. Vipande vyote vya suruali lazima vielekee upande mmoja. Fundi wangu alikishona kile kipande kikiwa kichwa chini.

Nikamrudishia. "Kitambaa ni kilekile," akasema, "nimekikata miguuni, wewe mwenyewe ulikuwepo." Nikashika mkono wake nikampapasisha, chini, juu, chini. Akanyamaza. Akavaa miwani. Akapapasa tena mwenyewe. "Miaka thelathini na moja nashona," akasema, "na sijawahi kushonea paka."

Alikifumua akakigeuza bila kudai hela. Kilikaa vizuri zaidi, ila si sawasawa, maana kitambaa kilichokuwa kimefichwa kwenye mikunjo hakikupauka kama sehemu nyingine. Halafu kwa wema wake akanipigia pasi ya mkaa, tena upande wa nje, akikandamiza kwa nguvu zote za kuomba radhi. Mistari ikalala, paja zima likang'aa kama kiatu. Hapo ndipo nikajifunza kwamba kodrai hupigwa pasi ndani nje, bila kukandamiza. Niliiokoa kwa kuitundika juu ya sufuria la maji yanayochemka jikoni, mlango nimefunga, huku naichana kwa brashi ya nguo. Manyoya yalisimama karibu yote. Mama mwenye nyumba aliuliza napika nini, nikamwambia suruali. Hakuuliza tena.

Kuhusu kuvalia na nini, nilifanya upumbavu mmoja mkubwa: nilinunua na jaketi la kodrai, nikavaa juu na chini. Nilionekana kama kochi limesimama. Kodrai moja mwilini inatosha. Ile nene naivalia sweta laini lisilo na mafundo. Ile nyembamba ya haradali ndiyo inayobeba sweta la mafundo mazito, au shati la madrafti lenye manyoya kidogo ndani. Shati nachomekea, si kwa ajili ya heshima, upepo wa Njombe unajua njia ya kupandia mgongoni. Ukishachagua haradali usiweke tena rangi ya kupiga kelele juu, acha kijivu au bluu iliyokoza ikae kimya. Kahawia inapendana na karibu kila kitu, na vumbi jekundu halionekani juu yake. Viatu viwe na uzito: moka chini ya kodrai nene zinafanya miguu ionekane ya mtu mwingine. Buti la ngozi la soli nene, soksi ndefu za sufu, na suruali iguse kiatu bila kujirundika.

Sitasema kodrai haina kasoro. Inakunywa maji kama sifongo, kwa hiyo siku za manyunyu navaa ile ya sufu, ambayo hata ikipata unyevu bado ina joto. Au namwiga mzee, nachomeka kwenye gambuti. Kukauka inachukua siku mbili, tatu kukiwa na ukungu. Usijaribu kuikausha juu ya jiko la mkaa, nina alama ya mviringo kwenye pindo la haradali kama risiti ya jaribio hilo. Na inaongea. Mapaja yakisuguana inatoa sauti, vwip, vwip, vwip. Ofisini wanajua nakuja kabla sijafika mlangoni, na dada wa mapokezi anaanza kumimina chai.

Zile modo nimempa mdogo wangu wa Tanga. Shemeji bado anasema jinzi nzito.

Ya kahawia naivaa mpaka leo, Jumamosi hasa. Kila nikipita pale kwa fundi, hata kuwe na wateja, ananisimamisha, ananishika bega na kunigeuza, anavaa miwani na kutazama nyuma yangu kwa muda. Kisha anapapasa mara moja, kwenda chini, na kunambia, "Inaanza kufanana. Nenda, mwanangu."