Skonzi ndogo za nyama na jibini, za moto, kwa sherehe
Kwa skonzi ndogo 24, nunua kilo moja ya nyama. Buchani omba wakusagie steki mbele yako, maana nyama yenye mafuta mengi hutoa mchuzi, na mchuzi ndio adui wa skonzi.

Kaanga nyama bila kuongeza maji, kwenye kikaango kipana, pamoja na vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi. Usifunike. Subiri maji yote yakauke na nyama ianze kuwa ya kahawia, kisha inamisha kikaango umwage mafuta. Iache ipoe kidogo. Ikiwa ya moto sana, mvuke wake unalowesha mkate.

Skonzi za jana ni bora kuliko zilizookwa leo, hazibonyei. Zikate katikati zikiwa bado zimeshikana, panga nusu za chini kwenye trei, tandaza jibini, nyama, kisha jibini tena. Gramu 400 za jibini zinatosha. Jibini la chini ndilo linalozuia unyevu, usiliruke! Cheddar ina ladha, mozzarella inavutika lakini imepooza, hivyo nachanganya nusu kwa nusu.

Rudishia nusu za juu, funika kwa foili, oka nyuzi 180 kwa dakika 12. Funua, paka siagi, nyunyiza ufuta, rudisha dakika 5. Umeme ukikatika, tumia sufuria nzito: mkaa mwingi juu ya mfuniko, kidogo chini.

Kwa joto la Dar zisikae mezani zaidi ya saa moja. Oka trei mojamoja kadiri wageni wanavyoingia.