Kuwafuata Wachoraji wa Wafalme, Sevilla hadi Aranjuez

Treni iliondoka Sevilla asubuhi, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa Madrid. Mchoraji Diego Velázquez naye alitoka Sevilla mwaka 1623 kwenda kutafuta kazi kwa Mfalme Felipe IV wa Hispania. Aliipata, akamtumikia mpaka alipofariki mwaka 1660. Mimi huchora sura za watu, kwa hiyo nilikuwa na hamu kubwa ya kuona uso mmoja uliotazamwa na mchoraji mmoja kwa miaka yote hiyo.

Kutoka stesheni ya Atocha hadi makumbusho ya Prado ni mwendo mfupi wa miguu. Ndani hairuhusiwi kupiga picha, na nashukuru, maana nililazimika kutazama kwelikweli. Mfalme kijana ana mashavu laini na taya lililochomoza. Katika picha ya miaka ya 1650 taya ni lilelile, ila mashavu yameshuka, macho yamechoka, na nguo ni nyeusi tupu. Hana taji. Mwaka 1653 mfalme mwenyewe aliandika katika barua kwamba hajachorwa kwa miaka tisa: Velázquez huenda polepole mno, tena yeye mfalme hapendi kujiona akizeeka. Niliposoma habari hiyo nilimhurumia. Joho na vito mchoraji huweza kuvichora kwa nafasi yake hata mwenyewe akiwa hayupo. Uso lazima uletwe, ukae, uvumilie.

Kesho yake nilikwenda kwenye kasri la wafalme la Aranjuez, kusini ya Madrid, safari isiyofika saa moja. Huko ndiko Goya, mchoraji mwingine wa wafalme, alikoanza kuichora familia ya Mfalme Carlos IV mwaka 1800. Hakuwakusanya wote mbele yake. Alimketisha kila mmoja peke yake, akakichora kichwa juu ya rangi ya chini nyekundu, kisha akavihamishia vichwa hivyo kwenye turubai la upana wa zaidi ya mita tatu. Baadhi ya vichwa hivyo viko Prado. Kwenye picha kubwa, Doña María Josefa, dada wa mfalme, ana kibandiko cheusi kwenye panja, na Goya hakumfichia.

Vyumba vya kasri nilivipita upesi, dhahabu imezidi. Nilichokuwa nikikiwaza ni kwamba wakati ule Goya alikuwa kiziwi, tangu alipougua miaka saba hivi kabla. Sisi wengine humsemesha mtu anapochorwa ili uso usigande. Goya hakusikia neno, na nyuso zile ziko hai. Mtu wa kwanza nitakayemchora nikirudi, nitamwomba tukae kimya tangu mwanzo hadi mwisho.